Yai la Kuku wa Taifa

Nchi hii haipo. Hata wananchi wake ukiwauliza watakuambia haipo, kisha watageuka kutazama nani amewasikia. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, wala asimkazie macho jirani yake. Linasimuliwa hapa jambo dogo tu, la kuku.

Katika nchi hiyo alikuwako afisa mifugo aitwaye Sihaba, binti wa Bi Kazija wa kijiji cha Mikoroshoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchapakazi, mwenye tabia moja mbaya: akiulizwa swali, alijibu lile lile aliloulizwa. Ndiyo maana mpaka umri ule alikuwa bado anakaa kwenye kiti cha mbao pale Wizara ya Mifugo na Furaha ya Umma, wakati wenzake aliosoma nao walikwisha kupewa viti vya kuzunguka.

Asubuhi moja Mheshimiwa Sana, mtawala wa nchi hiyo, ambaye jina lake lilikwisha kusahaulika kwa kukosa wa kumwita nalo, alisema akiwa mezani: "Nataka nchi hii iwe na kuku mmoja. Atage miaka mingi, na akichoka kutaga awe bado na nyama." Baada ya kusema hayo aliomba chumvi. Kabla chumvi haijafika, Kamati ya Kuteua Kuku wa Taifa ilikuwa imeundwa na mwenyekiti wake ameshaapishwa.

Mwenyekiti huyo alikuwa Profesa Mkologo, aliyesomea madaraja, na Sihaba aliitwa mbele yake kutoa ushauri wa kitaalamu. Akautoa, maskini.

"Ndugu wajumbe, kuku wa namna hiyo hayupo," alisema. "Yule wa kisasa wa mayai hutaga karibu kila siku, lakini mwaka wa pili ukipita amechoka, na ukimchinja unakuta mifupa na masikitiko. Wa nyama ananenepa upesi mpaka miguu inamshinda. Wa kienyeji anataga kidogo, lakini anataga miaka, anaatamia mwenyewe, analea mwenyewe, na ugonjwa wa kideri ukipita unamkuta bado anachakura. Tufuge aina mbalimbali, na tuwapandishe wa kienyeji kwa jogoo wa kuchi, mrefu, mwenye mwili. Tutapata chotara wa mayai na nyama, na kina mama wa kuatamia tutakuwa nao."

Profesa Mkologo alivua miwani. "Unatuambia tuwe na kuku wa aina nyingi?"

"Ndiyo, Profesa."

"Katika nchi moja?"

Mjumbe mmoja alikohoa kwa niaba ya wengine. Ikakubaliwa kwamba ushauri wa Bi Sihaba umepokelewa kwa shukrani, na kwamba asirudie tena kuutoa.

*

Siku ya maonyesho ya kumchagua kuku huyo, matundu yalipangwa uwanjani toka asubuhi, na Mheshimiwa Sana akafika jua likiwa la utosi. Alipita mbele ya kuku weupe, wekundu, weusi, wa kunyonyoka shingo na wa miguu mifupi, akipepewa na watu ambao nao walihitaji kupepewa. Tundu la mwisho lilikuwa la Sihaba. Ndani yake alikuwamo jogoo wa kuchi, mrefu, kifua mbele, aliyeletwa aonyeshwe kama baba wa chotara. Jogoo yule alipoona watu wengi kiasi kile alinyoosha shingo akawika mpaka kipaza sauti kikalia.

Mheshimiwa Sana akatabasamu. Akanyoosha kidole, akasema, "Huyu."

Nchi hiyo ina desturi yake, inayofundishwa watoto kabla ya kuhesabu. Kidole cha Mheshimiwa Sana kikinyooka, watu hupiga makofi kwanza, ndipo hutazama kilichoonyeshwa. Basi wakapiga. Kisha wakatazama, wakaona ni jogoo, na wakaendelea kupiga, maana kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuacha.

Sihaba alifungua mdomo.

"Funga mdomo, Bi Sihaba, unaingiza vumbi," alisema Profesa Mkologo bila kugeuka na bila kupunguza makofi.

Waziri wa Mifugo na Furaha ya Umma, Mheshimiwa Masanduku, mtu mnene mwenye sauti ya harusini, tayari alikuwa ameshika kipaza sauti. "Sauti mmeisikia wenyewe! Kuku wengine hutaga kimyakimya kama wanaoficha jambo. Huyu wetu ataitangazia dunia!"

Sihaba alitazama chini, akaona mikono yake inapiga makofi. Hakuituma. Alijaribu kuikunja, ikapiga mara mbili tatu zaidi ndipo ikatulia, na aibu iliyompanda siku ile ilimkaa shingoni kwa wiki nzima.

*

Kuku wa Taifa alijengewa banda lenye vigae, feni, kiti cha enzi na mlinzi mwenye bunduki. Sihaba, kwa kuwa ndiye aliyemleta, aliteuliwa kuwa Mlezi Mkuu. Alipewa kiti cha kuzunguka. Akaambiwa pia kwamba yai la kwanza linangojewa Siku ya Taifa, asubuhi, kwa kifungua kinywa cha Mheshimiwa Sana.

Kamati nayo haikulala. Kwanza ilipiga marufuku neno jogoo, ambalo lilionekana kuwa na dharau ndani yake, na kuagiza litumike jina "kuku mwenye msimamo". Pili ilieleza kwa nini Kuku wa Taifa hajataga mpaka sasa. Ilisemekana anatafakari. Baadaye ilisemekana kuku wa kawaida hukurupuka na kutaga hovyo, lakini huyu anatayarisha mpango wa muda mrefu. Redioni kulikuwa na wimbo wa watoto wa kumtia moyo, na wakubwa wa idara walipita bandani kwa zamu kumwombea dua. Kuku wa Taifa aliwatazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, akawika.

Siku ya Taifa ilipokaribia, Waziri Masanduku alikuja peke yake. Alifunga mlango, akapangusa jasho.

"Bi Sihaba, mambo vipi humu?"

"Mheshimiwa, wewe umekulia nyumba yenye kuku. Unajua mambo vipi."

"Usinitie maneno mdomoni. Nina watoto." Akasogea. "Sikuulizi yai litatoka wapi. Nakuuliza litatoka lini."

"Na lisipotoka?"

"Basi itabidi tuulize nani alileta kuku asiyetaga mbele ya Mheshimiwa Sana. Nikikumbuka vizuri, tundu lilikuwa lako."

Alimpigapiga begani kwa upole, kisha akapangusa jasho tena. Sihaba alimwonea huruma, jambo ambalo lilimuudhi zaidi.

*

Akaenda Mikoroshoni kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda na siku hizi una kiti?"

Bi Kazija alikuwa kikongwe mwembamba, mcheshi, anayeongea na kuku wake kama watu wa nyumbani, na kuwagombeza vivyo hivyo. Sihaba alisema amekuja kuomba kuku mmoja wa mayai, ana hamu ya mayai ya nyumbani. Hakusema zaidi. Mama yake hakuuliza zaidi. Alimwaga chenga, kuku wakaja mbio, naye akawashika mmoja mmoja, akipima kwa vidole upana wa mifupa ya nyonga kule nyuma, maana kuku anayetaga vizuri hupokea vidole viwili au vitatu, na asiyetaga hata kimoja hakipiti.

"Huyu amepumzika. Huyu mvivu, anakula tu kama mjomba wako. Chukua Kitenge."

Kitenge alikuwa mtetea wa madoadoa, mdogo wa umbo. Mayai yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, marefu kidogo, yenye vidoa vya kahawia upande mnene. Alikuwa kipenzi cha bibi yule, na Sihaba alijua.

"Mama, si huyu. Nipe mwingine."

"Nikupe mwingine una nini? Chukua." Akamfunga miguu kwa kipande cha kanga. "Ila sikiliza. Ukitoa mayai, acha moja kiotani. Ukichukua yote ataona hapo si pake, ataacha kutaga."

Sihaba aliingia bandani na tenga kubwa lililofunikwa. Mlinzi akauliza kuna nini ndani. "Chakula cha Kuku wa Taifa," alijibu, na mlinzi akalipigia tenga saluti. Upande wa nyuma mle bandani kulikuwa na stoo ya pumba isiyoingiwa na mtu, na humo ndimo alimofungulia Kitenge. Jogoo akashuka mara moja kutoka kwenye kiti chake cha enzi, akaanza kumzunguka akiburuta bawa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ateuliwe kuonekana na furaha.

Siku ya Taifa, yai likapatikana.

*

Lilibebwa juu ya mto wa hariri. Bendi ilipiga. Mheshimiwa Sana aliliinua juu, wapiga picha wakalipiga, na picha yake ikatoka ukurasa wa mbele wa gazeti, kubwa kuliko uso wa mtu. Kisha akalila, likiwa la kuchemsha.

"Lina ladha ya nyumbani," alisema. "Niletewe kila asubuhi."

Usiku ule Sihaba alilala usingizi wa mtu aliyevuka mto wenye mamba. Alifikiri yamekwisha. Kesho yake, kabla hajamaliza uji, redio ikatangaza kwamba kwa kuwa Kuku wa Taifa amethibitika kutaga, kuku wa aina nyingine zote hawahitajiki tena, na wananchi wanakaribishwa kuwala ndani ya wiki moja, kwa furaha, katika sherehe itakayoitwa Wiki ya Supu. Asiyekuwa na furaha atasaidiwa.

Alikimbia mpaka ofisini kwa Profesa Mkologo, kitambaa cha kichwani kikimvuka njiani.

"Profesa, zuieni! Mnajua kabisa yule ni—"

"Ni kuku mwenye msimamo."

"Mkiwamaliza mitetea, mwakani hakutakuwa na yai hata moja. Hakutakuwa na kuku!"

Profesa aliinuka, akafunga dirisha. Alipozungumza sauti yake haikuwa ya ukumbini. "Nisikilize. Mpaka juzi nilikuwa na nadharia tu, na nadharia haichinji mtu. Nilipanga kamati ifike mahali iseme utafiti unaendelea, uendelee mpaka nistaafu. Wewe ukaleta ushahidi. Sasa nitasimama wapi niseme kuku hatagi, na mzee amekula yai?"

Sihaba alitoka. Alikaa kwenye ngazi za wizara, watu wanampita na kumpongeza.

*

Siku ya kwanza ya Wiki ya Supu watu walifurahi kweli kweli. Nchi nzima ilinukia tangawizi. Wapo waliokuwa hawajaonja firigisi tangu ubatizo au akika ya mtoto wa kwanza, na sasa wanachagua wapi pa kung'ata. Siku ya tatu wakaanza kula polepole. Siku za mwisho wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba, wakiketi jikoni kuhakikisha hata koo wenye vifaranga wamo chunguni, na kwamba mpishi anatabasamu.

Sihaba alifika Mikoroshoni jioni ya siku ya mwisho. Uwanja wa mama yake ulikuwa kimya, na kwenye vumbi bado kulikuwa na mikwaruzo ya kucha. Bi Kazija alikuwa ameketi kizingitini.

"Nimewapika vizuri," alisema kabla ya kuamkiwa. "Nimewatia nazi. Mkaguzi alirudia sahani. Sikulia mbele yake, nililia wakati wa vitunguu."

"Mama..."

"Nikajipa moyo, angalau Kitenge yuko kwako." Alikuwa ameshika kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi. Akakinyoosha juu ya goti. Ilikuwa picha ya yai. "Hiki kidoa hapa, na hiki. Mwanangu, mimi nitashindwa kulijua yai la kuku wangu?"

Sihaba akaketi chini mchangani.

"Walitukusanya shuleni kuitazama picha hii," Bi Kazija akaendelea. "Nikaliona. Nikasema moyoni, hili ni la Kitenge, na yule ni jogoo tu. Wenzangu wakapiga makofi, nami nikapiga. Kwa hiyo sikulaumu. Au nakulaumu, lakini najilaumu na mimi, na leo nimechoka kulaumu. Umekula?"

*

Serikali haikuwaacha watu mikono mitupu. Iliagiza kutoka nje kuku wa aina ile ile ya kuchi, kila kaya ipate mmoja. Waliopelekwa kununua walipewa masharti kwamba kila kuku afanane na Kuku wa Taifa kwa kila kitu: kilemba, kimo, kucha na sauti. Meli ilipofika, mitetea wa kuchi waliokuwamo wakarudishwa walikotoka kwa sababu hawakufanana na mfano. Majogoo wakashushwa kwa shangwe.

Tangu hapo nchi ile haikupata usingizi. Majogoo waliwika toka alfajiri, wakapigana juu ya mapaa, wakapigana misibani, wakamtoa sheikh mmoja na padri mmoja mbio katika wiki moja. Yai halikuonekana. Hata hivyo iliamriwa kila kaya ilete yai moja kila wiki, kwa kuwa hesabu ilikwisha kupigwa. Asiyeleta alihesabiwa kuwa anaficha, na anayeficha alipelekwa semina. Hakuna aliyejua semina inafundisha nini. Waliorudi walikuwa wembamba, wanakubali haraka.

Kila asubuhi Sihaba alipeleka yai Ikulu, na kila asubuhi alijisikia kama anayepeleka kuni kwenye nyumba inayoungua. Alifahamu sasa kwamba kuku wote waliosalia nchini wa kuweza kutaga ni mmoja, mdogo, wa madoadoa, aliye kwenye stoo ya pumba. Alifahamu pia kitu kingine, kilichomkosesha raha na kumpa matumaini kwa pamoja: Kitenge anaishi na jogoo. Mayai yale yana mbegu.

Akaanza kuacha kiotani zaidi ya moja. Aliambia Ikulu kwamba Kuku wa Taifa anataga kwa mapozi, leo ndiyo, kesho hapana. Mayai yakakusanyika, na siku moja alipoingia stooni alimkuta Kitenge ameyafunika, ametanua mbawa, anamkoromea kama hajapata kumwona. Ameanza kuatamia. Kuku anayeatamia hatagi. Ikulu haitapata yai kwa wiki tatu, na zaidi.

"Anatafakari tena," Sihaba alimwambia Waziri Masanduku.

"Tena?"

"Jambo kubwa zaidi safari hii."

Waziri aliandika maneno hayo kwenye daftari. Kisha akaunda kamati ya kuchunguza tafakuri hiyo. Kwa mara ya kwanza Sihaba aliishukuru kamati, maana kikao cha kwanza kilijadili chai, na cha pili kikaahirishwa kwa sababu ya chai.

Ndipo habari ikamfikia kwamba mama yake ameitwa semina. Hakuwa amepeleka yai hata moja.

Sihaba hakufikiri. Aliingiza mkono chini ya Kitenge, akadonolewa mpaka damu, akatoa yai moja, akalifunga kifuani kwa kanga, akasafiri nalo mpaka Mikoroshoni.

"Wape hili, mama. Watakuacha."

Bi Kazija alilipokea kwa viganja viwili. Akastuka. "Lina joto." Akatoka nalo nje, akaliziba kwa kiganja na kulielekeza kwenye jua, jicho moja limefumba. Sihaba aliona alichokiona mama yake: mishipa myekundu, myembamba, imetambaa, na katikati kijitone kinachochezacheza.

"Umemtoa huyu chini ya mama yake?"

"Mama, watakuchukua."

"Na hawa wakifa, watakaochukuliwa baada yangu watatoa nini? Lirudishe kabla halijapoa."

"Mama, nakuomba!"

"Sihaba." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Uliniambia una hamu ya mayai, nikakupa kuku wangu. Sasa mimi nakuomba wewe. Nenda."

Alimfungia yai upya kifuani, akakaza fundo, akamsukuma kidogo mgongoni. Sihaba alirudi mjini akilia waziwazi, mkono umeshika kifua, na watu walimpisha wakidhani mgonjwa. Bi Kazija alichukuliwa siku ya pili yake, baada ya kufagia uwanja.

*

Vifaranga walitoka wakati kamati bado iko kwenye yatokanayo na chai. Hata lile yai lililosafiri lilianguliwa, la mwisho, akatoka kifaranga mweusi mwenye doa kichwani. Sihaba alimshika mkononi. Moyo wake ulikuwa na furaha yenye kuuma, kwa sababu wa kumwonyesha alikuwa semina.

Mheshimiwa Sana, naye, alikuwa amekosa yai lake asubuhi nyingi. Akaja mwenyewe bila kutangazwa. Nyuma yake waliingia Waziri Masanduku na Profesa Mkologo, wakihema. Kitenge alichagua wakati huo huo kutoka stooni na watoto wake, akaanza kuchakura karibu na kiatu cha mtawala. Juu ya kiti cha enzi Kuku wa Taifa aliwika.

"Huyu nani?" Kidole kikanyooka.

Makofi yakaanza huko nje kwa walinzi, ambao hawakuona kitu. Waziri alipiga mara mbili akaacha. "Huyo... huyo ni mumewe, Mheshimiwa Sana. Mume wa Kuku wa Taifa."

"Katika aina hii, dume huwa dogo," aliongeza Profesa.

"Na watoto wanamfuata baba?"

"Ni baba mwenye mapenzi."

Mheshimiwa Sana aliwatazama wote wawili. "Basi kazi yake imekwisha. Nchi inataka mayai, haitaki waume. Mpikeni."

Waziri aliinama kumkamata Kitenge. Vifaranga wakatawanyika wakipiga kelele, na Sihaba akajikuta amesimama kati ya waziri na kuku.

"Mwacheni! Mheshimiwa Sana, huyo ni mama yao. Ni kuku wa mama yangu. Mayai yote uliyokula ni yake. Yule aliye juu pale ni jogoo."

Neno lile lilikuwa halijasikika nchini kwa muda mrefu kiasi kwamba Profesa aliziba masikio. Mheshimiwa Sana alivuta kiti cha kuzunguka cha Sihaba, akaketi, akazunguka kidogo.

"Najua," alisema.

Hawakuelewa.

"Nimezaliwa nyumba ya udongo. Kuku walilala chini ya kitanda changu. Nitashindwa kumjua jogoo? Siku ile jua lilikuwa kali, nimechoka, nikaonyesha tu. Nikangoja mmoja wenu acheke, nicheke naye, twende tukale. Mkapiga makofi. Nikasema, hawa wamesoma, huenda wamegundua kitu. Kisha yai likaja. Nikala yai, nikaona kumbe kweli wamegundua." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Masanduku, wewe ulifanya nini?"

"Nilipiga makofi, Mheshimiwa Sana."

"Profesa?"

"Makofi tu, Mheshimiwa Sana. Na nadharia."

"Na wewe, mama?"

"Nilipiga makofi," alisema Sihaba. "Kisha nikaleta yai."

Mheshimiwa Sana alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Makofi ni makofi, hayasemi lolote. Lakini yai nimelila. Kumbe katika nchi nzima aliyenidanganya ni mtu mmoja."

Sihaba alitaka kupinga. Alijua si haki, na alijua pia kwamba si uongo wote. Mlinzi alimshika mkono. Mlangoni aligeuka, akamwona Kitenge amewakusanya tena watoto wake wote chini ya mbawa.

*

Ukumbi wa semina ulikuwa na mabenchi marefu na watu waliokaa wima. Bi Kazija alikuwa benchi la nyuma, amekonda sana. Sihaba alipoketi ubavuni kwake, bibi alimshika mkono, akaugeuzageuza, akaona makovu ya kudonolewa.

"Walianguliwa?"

"Wote, mama. Na lile."

Bi Kazija alifumba macho kidogo. "Wako wapi?"

"Kitenge na wanawe wamepewa Profesa awalee."

"Yule wa madaraja?"

"Huyo huyo."

Kabla hajasema zaidi, Waziri Masanduku aliingia na kipaza sauti, amenawiri, maana alikuwa amepandishwa cheo kwa ajili ya makofi yake. Alitangaza kwamba ukweli umegunduliwa. Taifa lilidanganywa na majogoo. Kuanzia leo Kuku wa Taifa ni mtetea wa madoadoa aitwaye Kitenge, na majogoo wote nchini, bila kubakiza hata mmoja, waliwe ndani ya wiki moja, kwa furaha.

"Na vile vifaranga?" Sauti ya mtu iliuliza kutoka mbele.

"Profesa Mkologo anaendelea na utafiti. Kwa sasa bado ni wadogo mno, haijulikani yupi jogoo, yupi mtetea. Wakijulikana, watashughulikiwa."

"Bado hawajulikani," Bi Kazija alinong'ona, na Sihaba alihisi vidole vya mama yake vinamkaza.

Waziri akanyoosha mkono kuelekea picha mpya ukutani, ya kuku mdogo wa madoadoa. Ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi. Sihaba aliona mikono yake inainuka. Akamtazama mama yake. Bi Kazija alikuwa ameisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, macho mbele, mdomo umefumba. Benchi lote lilikuwa linatetemeka kwa makofi, na msimamizi alikuwa tayari anakuja upande wao akitazama nani hapigi.

Sihaba akaishusha mikono yake, akaiingiza chini yake, akaikalia na yeye.